Mrejesho: darasa la Agano Jipya pale Magomeni, wiki 8, elfu 20, na cheti ambacho sijakiona mpaka leo

Naleta mrejesho wa lile darasa la Jumanne jioni pale Magomeni, lile lililoandikwa "Agano Jipya na kubadilishwa kwa mtu wa ndani", maana bango lake bado limebandikwa kwenye nguzo karibu na kituo cha mwendokasi na najua kuna watu wanalipita kila siku wanajiuliza niende nisiende. Mi nimeenda. Nimemaliza wiki zote 8, nimelipa hela yangu mwenyewe, sijatumwa na mtu wala sio muumini wa kanisa lile, mi nasali kwetu Kimara. Jina la kanisa silitaji kwa sababu kuna vitu ntavisema hapa sio vizuri sana na wale watu ni wastaarabu, sitaki kuwaharibia.

Bei kwanza kama kawaida yetu. Elfu 20 wiki zote 8, humo ndani kuna kabrasha, chai ya tangawizi na andazi moja kila Jumanne (wiki ya tatu andazi lilikuwa la jana, nasema ukweli). Afu kuna elfu 5 ya cheti, hiyo wanasema ni hiari lakini dada wa pale mlangoni anakuuliza kwa sauti mbele ya foleni nzima "na cheti je dada?" kwa hiyo hiari yenyewe ndo hivo. Nkatoa. Hiyo elfu 5 muikumbuke, tutairudia.

Sasa kwa nini nilienda. Mi nauza vitambaa Kariakoo, duka sio langu, nimeajiriwa, huu mwaka wa 9. Nimeokoka tangu niko sekondari na katika hiyo miaka nimezunguka jamani. Mikesha nimekesha, semina za siku tatu nimekaa, nimelia, nimeanguka, nimeinuka, nimeambiwa "usiku huu hutoki kama ulivyoingia" na kweli natoka nimechangamka najiona mpya kabisa, Jumapili mpya, Jumatatu mpya mpya kidogo, ikifika Jumatano yule wa zamani yuko dukani anapima kitambaa kama hakuna kilichotokea. Mwaka juzi kuna sehemu, siitaji, nilinunua chupa ya maji elfu 10 nikaambiwa nikinyunyiza mlangoni siku saba tabia zitakatika. Maji yaliisha, tabia zikabaki. Kwa hiyo nilivyoona bango limeandika "kubadilishwa" nikasema mmh, na hawa nao. Nilienda kwa ubishi tu, na kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na mwendokasi imejaa watu hadi mlangoni, nikaona bora nikae sehemu yenye paa.

Mazingira. Ni ukumbi wa nyuma ya kanisa, viti vya plastiki vile vyeupe, feni mbili moja inazunguka moja inatingisha kichwa tu. Mbu wapo wa kutosha, njooni na soksi. Bango limeandika saa 11 na nusu, kuanza kwenyewe saa 12 na robo, na wiki mbili tulianza karibia saa 1 kwa sababu kijana wa maiki alikuwa hajafika na ufunguo wa stoo anao yeye. Watu tulikuwa kama 40 hivi mwanzoni, mwishoni tukabaki labda 25. Na hilo kabrasha, yani hilo kabrasha limetolewa kopi kwa haraka hadi ukurasa wa 14 haupo kabisa, unatoka 13 unaingia 15, na kwenye Ezekieli 36 pale Mungu anaposema atawaondolea watu moyo wa jiwe awape moyo wa nyama, mchapaji kaandika "moyo wa nyanya". Mpaka leo kwenye grupu letu mtu akikosewa anaambiwa "samehe bana, kuwa na moyo wa nyanya". Na ukifikiria, nyanya nayo ukiibonyeza inabonyea, sio mbaya sana.

Kilichonibakiza pale ni mwalimu. Mama mtu mzima, mstaafu, kafundisha Kiswahili shule za msingi miaka na miaka, ana miwani ya kamba shingoni na ile sauti ya mwalimu ukiisikia unakaa wima mwenyewe. Wiki ya kwanza walimletea projekta, umeme ukakatika dakika ya kumi, akaenda kwenye ubao akachukua chaki na kuanzia siku hiyo projekta hatukuiona tena. Nadhani alishukuru.

Swali lake la kwanza lilikuwa: neno agano limetoka wapi? Kimya. Mtu mmoja akasema kwenye Biblia. Akasema hapana, limetoka mdomoni kwenu, limetoka kwenye kuagana, na kuagana kwa Kiswahili kuna maana mbili, watu kupatana jambo na watu kupeana kwaheri. Akatuacha tukae nalo kidogo afu akasema, sasa angalieni Luka 22, Yesu kashika kikombe anasema hiki ni agano jipya katika damu yake, anasema hivo usiku gani? Usiku wa kuagana. Jamani ukumbi mzima ulifanya "aaah". Na hapohapo mwenyewe akatupoza, akasema msiende mkahubiri kwamba Paulo alijua hili, hiyo ni raha ya lugha yetu tu, Kigiriki wao wanasema diatheke na hilo ni neno lilelile walilokuwa wanalitumia kwa wosia wa marehemu, ndo maana Waebrania 9 inasema agano la urithi halina nguvu mpaka aliyeliweka afe. Nilimpenda kwa hilo. Wahubiri wengi wangechukua ile "aaah" wakaondoka nayo.

Akaenda mpaka Mwanzo 15, pale Abramu anapasua wale wanyama vipande viwili viwili anavipanga huku na huku, maana Waebrania wao agano "wanalikata", na anayepita katikati ya vipande ni kama anasema nikivunja neno langu nifanywe hivi. Usiku ukaingia, tanuru ya moshi na mwenge wa moto vikapita katikati, Abramu hakupita, amelala usingizi mzito. Kuna mzee mmoja wa makamo ya babu yangu akanyoosha mkono akasema kwao zamani watu wakitaka kuwa ndugu walichanjiana, unachanjwa chale, damu yako anaila yule na yake unaila wewe, na ukimgeuka ndugu yako wa kuchanjia watu hawashangai likikupata la kukupata. Mwalimu akamwangalia akasema "mzee wangu, wewe kabrasha huhitaji".

Wiki ya pili ndo ilinikamata mimi na hapa ntakaa kidogo mnisamehe.

Ilikuwa Yeremia 31, kuanzia mstari wa 31. Mwalimu alitueleza kwanza kwamba Yeremia hakuwa anaandika kwenye raha, hiyo ni kama miaka 600 kabla ya Kristo, Babeli wanakuja, Yerusalemu inaenda kuchomwa, hekalu litaanguka, watu watabebwa mateka, na sababu anayoitoa ni kwamba lile agano la Sinai, la wakati wa Musa, wamelivunja. Mahali pazuri pa kusema "basi tumeshindwana". Badala yake Mungu anasema siku zinakuja nitafanya agano jipya na nyumba ya Israeli na nyumba ya Yuda. Akatukumbusha hapo hawajatajwa watu wa Magomeni, sisi tumekaribishwa baadaye kwa mlango wa Kristo, tusiingie kwa kuwasukuma wenyeji. Afu akauliza: kwenye hili agano jipya, sheria imebadilika? Watu wengi tukasema ndio. Akasema someni tena. "Nitatia sheria yangu ndani yao, na katika mioyo yao nitaiandika." Sheria ni ileile, kilichobadilika ni mahali pa kuandikia. Mwanzo iliandikwa kwenye jiwe, sasa inahamia kwenye nyama.

Sasa niwaambie kuhusu duka. Pale dukani tuna fimbo ya mita, ya mbao, ina muhuri wa Wakala wa Vipimo, na ukutani bosi kabandika karatasi ya rangi, "TUNAPIMA KWA HAKI, MTEJA NI MFALME". Fimbo ni sahihi kabisa. Mkono ndo una mambo. Ukiwa unapima satini au kile kitambaa kinachovutika, unakivuta kidogo tu wakati unakipitisha kwenye fimbo, na kidole gumba pale mwisho wa mita hakianzii pale kilipoishia, kinaanzia nyuma kidogo. Sentimita mbili, tatu. Kwenye mita moja mteja haoni. Kwenye mita sita za sare ya harusi tayari ni shingo na mikono ya gauni la mtoto. Ukifika mwisho wa jora kinabaki kipande ambacho kihesabu hakipo, na hicho ni cha muuzaji. Hakuna aliyenifundisha kwa maneno, nilikuta wenzangu wanafanya hivo, mkono ukajifunza wenyewe. Wakaguzi wa vipimo wakipita mtaani habari zinatangulia duka kwa duka na siku hiyo Kariakoo nzima tunapima kama malaika. Wakishaondoka, fimbo ni ileile, muhuri ni uleule, na karatasi ya bosi ukutani ni ileile.

Kwa hiyo mwalimu aliposema sheria kwenye jiwe haina kosa lolote, tatizo ni kwamba jiwe liko nje ya mtu, mi niliangalia chini. Nilijiona nimevuliwa nguo pale kati ya watu 40 na hakuna aliyejua isipokuwa mimi.

Wiki ya tatu Ezekieli, huyo yuko Babeli kwenyewe na mateka, kando ya mto Kebari, ndo siku ya nyanya. Wiki ya nne Pasaka na meza ya Bwana, nzuri lakini kama umekulia kanisani unaijua. Wiki ya tano Waebrania 8, na nilijifunza kitu sikuwa nakijua kwamba lile andiko la Yeremia limenukuliwa pale zima zima na ndo nukuu ndefu kuliko zote za Agano la Kale ndani ya Agano Jipya. Lakini wiki ya tano ndo darasa liliharibika kidogo. Kuna kaka mmoja Msabato, mpole, ana Biblia imechoka kwa kusomwa, akauliza vizuri tu: mwalimu, kama sheria inayoandikwa moyoni ni ileile, basi na siku ya saba si imeandikwa humo? Ukumbi ukalipuka. Walokole huku wanasema tuko chini ya neema, Mlutheri mmoja anasema Wakolosai 2, ile ya mtu asiwahukumu kwa sabato, mama mmoja nyuma anaita "mwacheni aulize!", na mwalimu, ambaye mpaka hapo hakuwahi kukwepa kitu, akasema muda umeisha hili tutalirudia wiki ijayo. Hakulirudia. Wala wiki iliyofuata, wala iliyofuata. Yule kaka aliendelea kuja, anakaa kimya, anakunywa chai yake. Hapo mi naona walikosea, swali lilikuwa halali kabisa na limetoka moja kwa moja kwenye kile alichotufundisha mwenyewe. Hata angesema "hapa makanisa hayakubaliani na sababu za kila upande ni hizi" ingetosha. Watu wazima tungeelewa.

Wiki ya sita. Hii peke yake ndo inalipia elfu 20.

2 Wakorintho 3. Alianza na Musa anashuka mlimani uso unang'aa watu wanaogopa kumsogelea, akawa anauweka utaji usoni. Utaji vijana hawakulijua. Biblia yetu ya Union ni tafsiri ya 1952 na ina maneno yake, kuna dada alisoma "toka utukufu hata utukufu" akadhani ni "hata" ya "hata mimi", mwalimu akamwambia hata hapo ni mpaka, mwanangu. Utaji mi nikajibu kwa sababu nauza: ni kitu cha kufunika uso, kama shela ya bibi harusi, ile neti nyepesi. Akafurahi, akaniuliza "ukivaa neti hiyo unaona nje?" nikasema unaona lakini kila kitu kina ukungu. Akasema basi Paulo anasema kwa Kristo neti inatolewa, na inayotolewa sio ya Musa peke yake, ni "sisi sote". Kule alipanda mtu mmoja mlimani wengine wakasubiri chini. Huku sote, mpaka muuza neti.

Afu akaandika ubaoni neno moja tu, herufi kubwa, na akalikata kwa mistari kama darasa la sita:

TU – NA – BADILI – SH – W – A

Akasema nani ananiambia viambishi. Jamani tulirudi shule. Tu, nafsi, ni nani? Ni sisi, sio mchungaji, sio nabii. Na, wakati gani? Uliopo. Hakusema tulibadilishwa usiku wa semina mambo yakaisha, wala tutabadilishwa tukifika mbinguni, anasema tuna-, sasa hivi, Jumanne hii, inaendelea. Badili, mzizi. Sh, kuna anayesababisha. W, akaizungushia duara hiyo W mara mbili mpaka chaki ikavunjika, akasema hii W ndo injili, hii inasema unayefanyiwa ni wewe. Ungeitoa hiyo W na kuweka -ji- kabla ya mzizi ungepata tunajibadilisha, na hicho, akasema, ndicho mlichokuwa mnajaribu miaka yote kila Januari.

Kaka mmoja akauliza sasa sisi kazi yetu nini, tukae tu? Hapo akarudi kwenye mstari, "kama vile katika kioo". Akasema vioo vya zamani havikuwa hivi vyetu, vilikuwa shaba iliyosuguliwa mpaka ing'ae, na Korintho walijulikana kwa kazi za shaba, kwa hiyo waliosoma barua ile walielewa, shaba haijitengenezei mwanga lakini ikigeuzwa kuelekea mwanga inaurudisha. Kazi yako ni kugeuka na kukaa umegeuka. Kwenye sala, kwenye neno, kwenye meza, kwenye kumhudumia mtu ambaye hawezi kukulipa. Haikatwi tiketi, hainyunyizwi. Na ni polepole, toka utukufu hata utukufu, ndo maana yule wa semina anayetaka kujiona mpya Jumatano anaona kama hakuna kinachoendelea. Akaongeza kwamba kwa Kigiriki neno hilo ni lilelile la pale mlimani Yesu alipogeuka sura mbele ya Petro, Yakobo na Yohana, na lilelile la Warumi 12 "mgeuzwe kwa kufanywa upya nia zenu", na kwenye Agano Jipya lote limetokea mara nne tu. Nilirudi Kimara nimesimama njia nzima na sikusikia miguu.

Sasa kama mnategemea niseme kesho yake niliamka nimekuwa mtu mwingine, hapana. Kesho yake nilipima kama kawaida. Ilikuwa kama wiki mbili baadaye, Alhamisi, duka limejaa, kuna mama wa watu kaja na daftari la hesabu za sare ya kikundi chao, mita 24, nafunua jora, navuta, mdomo unaongea na mteja mwingine, na nikashtuka kidole gumba kimekaa pale pale mita inapoishia. Mi sikukiweka. Yani sikuwa nafikiria Biblia, nilikuwa nafikiria chenji. Nikaangalia kile kidole kama cha mtu mwingine. Nikamaliza mita 24 sawasawa na nikakata na yule mama akasema "asante mwanangu" kama wanavyosema wote, hakujua kitu, kwake ilikuwa mita 24 alizolipia.

Ijumaa kidole kilirudi nyuma tena, nakiri. Jumamosi mara mbili. Sio kwamba imeisha. Na bado nawaambia wateja "dada yangu bei hiyo ndo nimenunulia" wakati wote tunajua sio, hiyo nayo sijui itafikiwa lini. Lakini jora la bluu lilipoisha lile kipande cha mwisho kilikuwa kama kitambaa cha mkono, na bosi akauliza mbona safari hii hakuna kilichobaki, nani anakata vibaya? Nikasema mi nakata. Akaniangalia kwa muda, akasema "haya". Nyumbani nimefikiria sana hiyo "haya" yake.

Kitu kingine wanachostahili sifa, ndani ya ukumbi hakuna anayekuuzia kitu. Hakuna mafuta, hakuna maji, hakuna bahasha ya sadaka ya mbegu inayopita katikati ya somo. Kapu la sadaka lipo pale mlangoni ukitaka unaweka ukitaka unapita. Nje ya geti kuna kaka anauza stika na vitambaa vya kuombea lakini huyo sio wao, mwalimu mwenyewe nilimsikia anamwambia "baba, wanafunzi wangu watakuchelewesha, nenda kituoni kuna watu wengi". Na kuna Mkatoliki mmoja tulikuwa naye kutoka parokia ya hapo hapo jirani, hakuna aliyemsumbua wala kumwambia aokoke upya, alikuwa anapiga ishara ya msalaba yake anakaa. Kwa mji huu hilo ni jambo kubwa.

Wiki ya saba ilikuwa Wagalatia 5 na mwalimu alikuwa anaumwa, akaja kijana kumkaimu. Kijana ana moto lakini anapiga kelele kwenye maiki kama tuko viwanja vya Jangwani, na alitumia nusu saa kueleza safari zake. Alichosema cha maana ni kimoja, kwamba Paulo kaandika "tunda la Roho" na sio matunda, ni moja lenye sura tisa, kwa hiyo huwezi kusema mi nimepewa upendo uvumilivu kapewa mume wangu. Hiyo nilicheka. Zilizobaki mngeweza kunywa chai.

Nani aende? Kama wewe umezaliwa mara ya pili wiki iliyopita, utaelewa lakini utapitwa na mengi kwa sababu hawarudi nyuma, vitabu vya Kutoka na Yeremia wanakuchukulia unavijua. Kama umeshachoka na usiku wa mabadiliko na bado hujaacha kuamini, hilo darasa ni lako kabisa. Kama unaenda kutafuta mke au mume pia naona watu walikuwa wanafanikiwa, sitaji. Beba Biblia yako ya karatasi, mwalimu simu anaziangalia vibaya, na beba daftari maana ukurasa wa 14 utaunakili kwa jirani ambaye naye hana. Kaa upande wa kushoto, ndo wenye feni inayozunguka.

Sasa ile elfu 5.

Wiki ya nane, siku ya mwisho, tumevaa vizuri, wengine wamekuja na ndugu wa kupiga picha. Mwalimu amerudi, amepungua, kashika fimbo. Tukasali, tukala pilau (hiyo ilikuwa bure na ilikuwa tamu, nyama ipo), na vyeti hamna. Dada wa mlangoni anasema viko kwa mchapaji. Mama mmoja akasimama akauliza kwa niaba yetu, mwalimu, tulilipia. Mwalimu akavaa miwani, akafungua ile ile 2 Wakorintho 3 lakini safari hii mistari ya mwanzo ambayo tulikuwa tumeiruka, pale Paulo anauliza kama na yeye anahitaji barua zenye sifa kama wengine, akatusomea "ninyi ndinyi barua yetu", akavua miwani, akasema cheti cha nini nyie, mnasomwa huko mnakokaa. Watu wakacheka mpaka machozi, na mimi nikacheka, ni mjanja yule mama. Huu ni mwezi wa tatu tangu siku hiyo. Nimepiga simu mara mbili naambiwa kinachapishwa, na nina wasiwasi mchapaji ni yule yule wa nyanya. Elfu 5 yangu haikuandikwa moyoni, niliitoa mkononi noti.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano wanaifuata wenyewe Kariakoo, siku watakayoniletea cheti, na jina langu liwe limeandikwa sawa.